Sikiliza Gumba Kwanza
Namna ya kumtambua mpiga gita bora wa mtindo wa Katanga

Miaka kadhaa iliyopita niliombwa niwe mmoja wa waamuzi watatu katika shindano dogo la gita hapa Likasi, Katanga. Washindani walikuwa saba, kila mmoja na kiti chake na gita lake kavu, bila spika. Alama za juu nilimpa kijana mwenye miwani ya jua, ambaye mkono wake wa kushoto ulikuwa ukipanda na kushuka shingoni mwa gita hata ukumbi mzima ukasimama. Mzee mmoja aliyevaa kofia ya pama nilimpa alama za kumwonea huruma tu. Mkono wake ulikaa palepale, naye alikuwa akitazama sakafu.

Wiki moja baadaye mtu aliniletea rekodi ya siku ile. Picha ilikuwa giza tupu, maana simu ilikuwa mfukoni mwake muda wote. Nikawa sina budi kusikiliza. Kwa yule kijana, kila mbwembwe zilipoanza sauti za chini zilikatika, kisha zikarudi kwa haraka kama mtu aliyechelewa kazini. Kwa mzee, nilihesabu wapigaji wawili. Nilirudisha nyuma nikahesabu tena. Wawili.

Nilikuwa nimetoa alama kwa macho. Mwongozo huu ni kwa yeyote ambaye hataki kurudia kosa langu.

Kipimo kilitoka wapi

Mji huu ulipokuwa ukiitwa Jadotville, ndipo Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alipomrekodi mpiga gita Mwenda Jean Bosco, mwaka 1952. Bosco alizaliwa Bunkeya mwaka 1930, kwenye makao ya Wayeke, watu wa Msiri aliyetoka Unyamwezi. Wakati huo kampuni ya Union Minière ilikuwa imekwisha kuvuta watu wa makabila mengi kwenye migodi na viwanda vya shaba, na Kiswahili kilikuwa lugha ya kambi za wafanyakazi. Mtu aliyeacha ngoma na waimbaji wenzake kijijini alihitaji chombo ambacho mmoja anaweza kukibeba na kikajaza uwanja. Gita likaichukua kazi hiyo.

"Masanga" ya Bosco ni kipande cha gita tupu, hakina hata neno moja. Mtafiti David Rycroft alikichambua pamoja na vingine vya Bosco katika jarida la African Music, mwaka 1961 na 1962, kwa umakini ambao wengine huuweka kwa Bach. Bosco alifika Nairobi, na mwaka 1969 akapiga katika tamasha la Newport, Marekani. Alifariki kwa ajali ya barabarani mwaka 1990. Edouard Masengo, ndugu yake, naye alifanya kazi Nairobi, na Losta Abelo akaacha santuri zake. Rekodi za watu hawa watatu zinapatikana kwa urahisi leo. Ziwe mizani yako, si kumbukumbu za mwamuzi yeyote, mimi nikiwamo.

Gumba

Mtindo wetu unapigwa kwa vidole viwili vya mkono wa kulia: gumba na cha shahada. Gumba linashuka juu ya nyuzi nene, shahada inapanda kwenye nyuzi nyembamba. Kila kimoja kina njia yake, na ndiyo maana sikio husikia watu wawili. Babu zetu waliizoea hali hiyo katika likembe, chombo cha ndimi za chuma ambacho magumba mawili hukigawana.

Basi anza na gumba. Usisikilize melodi kabisa kwa dakika nzima. Ni vigumu, kwa sababu melodi inakuita. Gonga meza polepole kufuata nyuzi nene. Mpigaji akifika mahali pagumu, angalia mkono wako mwenyewe: umelazimika kuharakisha? Umejikuta unagonga peke yako, sauti ya chini haipo? Hapo ndipo gumba limekimbia. Mpigaji wa kawaida hulitumia gumba pale anapopata nafasi. Mpigaji bora hupata nafasi ya mengine yote kwa sababu gumba liko.

Kuna pia daraja la tatu, nalo ni adimu. Gumba linashika mwendo ule ule, lakini halirudii sauti zile zile. Mkao wa do ukigeuka kuwa fa, linatembea kwenda huko kwa hatua mbili tatu badala ya kuruka. Ukilisikia gumba linatembea, kaa chini. Uko kwa fundi.

Shahada

Sasa ongeza nyuzi nyembamba. Swali si kasi. Swali ni je, kidole cha shahada kinaangukia juu ya gumba au katikati yake? Anayejifunza hupiga vyote pamoja, kwa sababu mkono hupenda kufanya jambo moja. Anayejua huweka sauti ya juu pale ambapo ya chini imeacha pengo, kama watwangaji wawili katika kinu kimoja: mchi mmoja ukishuka mwingine uko juu, na wakikosea watagongana.

Fundi huenda mbali zaidi. Gumba lake linahesabu kwa mbili, shahada inahesabu kwa tatu. Vinaachana, na kila baada ya mapigo sita vinakutana tena mahali pamoja. Ukigonga meza utahisi sekunde ya mashaka, kama aliyekanyaga ngazi isiyokuwapo, kisha unatua. Mashaka hayo yametengenezwa. Ikiwa hukutua, yeye ndiye aliyepotea, si wewe.

Kurudi bila kurudia

Upande mmoja wa santuri ya mizunguko 78 ulibeba takriban dakika tatu. Wazee walijifunza kusema mengi humo. Kipande kinazunguka: sentensi fupi ya gita, kisha ile ile tena, kisha tena. Msikilizaji mvivu husema hakina mabadiliko.

Chukua kalamu. Kila mzunguko ukianza upya, chora mstari. Ukisikia kitu kimoja kilichobadilika, weka nukta juu ya mstari huo. Katika kazi nzuri utakuta karibu kila mstari una nukta yake, na mara nyingi ni moja tu: sauti iliyocheleweshwa, sauti iliyoachwa, mwisho uliokatwa mapema. Ukiona mistari kumi mitupu, mpigaji amekariri. Ukiona nukta tano juu ya kila mstari, anakuogopa, anadhani utaondoka. Bosco hana hofu hiyo. Anakubadilishia kitu kimoja huku amekushika mkono kwa vingine vyote.

Mvumo na mkwaruzo

Wanunuzi wengi hukataa gita lenye uzi unaovuma. Wasiwe na haraka. Wajapani wana shamisen, chombo cha nyuzi tatu kinachochapwa kwa kibapa kipana, na uzi wake mnene kuliko yote hulazwa makusudi uguse shingo ili uvume. Mvumo huo una jina, sawari, na fundi wa shamisen anaupima kama sisi tunavyoonja chumvi. Likembe yetu nayo hufungwa vipete vya chuma kwenye ndimi zake kwa sababu hiyo hiyo: sauti kavu peke yake huonekana kama chakula kisichoungwa.

Tofauti ni hii. Mvumo uliotafutwa uko kwenye uzi ule ule kila mara, unadumu pamoja na sauti, unazima nayo. Mkwaruzo hutokea pale tu kidole cha kushoto kinapokuwa kimechoka au kimekaa mbali na chuma cha shingoni; unasikika kwenye sauti ngumu, unapotea kwenye rahisi. Muombe mpigaji arudie sehemu ile ile mara mbili. Mvumo utarudi mahali pake. Mkwaruzo utahama.

Gita lenyewe usilipe uzito mkubwa. Gita la bei kubwa likilegea nyuzi bado limelegea. Kabla hajaanza, sikiliza anavyolinganisha mi, la, re, sol, si, mi. Anayefanya kazi hiyo bila haraka mbele ya watu wanaosubiri amekwisha kukuambia mengi. Penseli iliyofungwa kwa mpira shingoni ili kupandisha sauti zote si aibu. Aibu ni kuifunga upande hata nyuzi za chini zikapoteza sauti.

Chupa

Mara nyingi yuko mwenzake anayegonga chupa kwa msumari au kisu. Watu humwona kama mpita njia. Mimi sasa humtazama kabla ya mwenye gita, kwa sababu mgonga chupa hawezi kuficha. Akiwa mzuri, baada ya muda humsikii, lakini akinyamaza wimbo unainama upande mmoja. Mpigaji anayemgeukia mwenye chupa kwa hasira kila dakika huwa ana tatizo lake mwenyewe la gumba.

Kwa masikio ya leo

Hapa ndipo mabishano yalipo. Vijana wa baa wamezoea sebene na besi inayotikisa glasi. Je, gita kavu libadilike?

Tazama wengine walivyofanya. Mwaka 1912, mjini Nagoya, Morita Gorō alitengeneza taishogoto, chombo cha nyuzi chenye vibonyezo kama vya taipureta. Kilivuka Bahari ya Hindi, na katika taarabu ya Mombasa na Lamu kikawa tashkota. Watu wa pwani hawakukihifadhi kama kitu cha makumbusho cha Kijapani. Walikifundisha kuimba kwa mizunguko ya sauti ya Kiswahili. Huko Japani kwenyewe, mwaka 1921, Miyagi Michio aliitengenezea koto ya nyuzi 13 dada yake mwenye nyuzi 17, kwa kuwa muziki mpya ulihitaji sauti za chini. Aliona kilichopungua, akaongeza hicho tu.

Kipimo changu kwa anayeleta gita la Katanga mbele ya hadhira ya leo ni hicho hicho: ameongeza kilichopungua, au ameziba kilichokuwapo? Ngoma ya mashine inayopiga juu ya gumba inalifanya gumba lisihitajike, na baada ya mwezi mpigaji analisahau. Besi ya umeme inayocheza sauti zile zile za nyuzi nene ni msiba wa aina hiyo hiyo. Lakini mwimbaji wa pili, au gita la pili lililokaa juu kabisa mahali ambapo la kwanza halifiki, au maneno mapya ya Kiswahili cha Likasi ya leo badala ya kuiga mapenzi ya mwaka 1955, hayo yanaongeza. Kipaza sauti nacho kinaongeza, kikiwekwa pale shingo inapokutana na mwili wa gita. Kikielekezwa kwenye tundu, nyuzi nene zitanguruma na kuzimeza nyembamba, na hadhira itasema gita la zamani halisikiki. Wa kulaumiwa ni fundi mitambo.

Na usidharau klipu ya nusu dakika ya simu. Wazee walipewa dakika tatu wakazimudu. Anayeweza kuonyesha gumba, pengo na badiliko moja katika sekunde thelathini anaijua kazi yake. Anayezitumia zote kwa mbio za mkono wa kushoto anamtafuta mwamuzi kama nilivyokuwa mimi.

Jaribio la mwisho

Nilimtafuta yule mzee wa kofia ya pama. Nilimkuta uani kwake, mke wake ameinjika maji ya bukari, ugali wetu, kwenye makaa. Nilieleza habari za simu na za alama. Hakuonekana kuumia wala kufurahi. Alinipa gita.

"Shika hii, mwana. Usiimbe. Shahada iweke kando. Gumba tu, uzi wa la na uzi wa re, moja, nyingine, mpaka mama aseme maji yako tayari."

"Hiyo tu, papa?"

"Hiyo tu."

Niliona ni mzaha. Kwa kitambo kidogo ilikuwa rahisi. Kisha kuku alipita, nikamtazama, na gumba likaenda na kuku. Nikalirudisha. Mtoto akanisalimu kutoka mlangoni. Nikaitikia, na nilipomaliza kuitikia nilikuwa nagonga la mara mbili. Mzee hakusema neno. Kidole chake kilikuwa kinagonga goti taratibu, kwa mwendo ule nilioanza nao mimi, ambao mimi mwenyewe sikuwa nao tena. Kofia ilikuwa usoni. Nadhani alifumba macho.

Maji yalichemka. Gumba langu lilikuwa limekwisha kukimbia mara tatu.