Umemtoa Buibui

Glasi sita za kabati letu la vyombo ndizo zilizonifundisha kusikiliza. Besi ikigonga noti moja fulani, zinaanza kutetemeka na kugongana. Noti ikipita, zinanyamaza kama hazikusema kitu. Nilianza kwa kuzitandikia kitambaa. Baadaye nikazihamishia jikoni, na hapo ndipo nilipojua kosa halikuwa lao, maana noti ile ile iliendelea kuvimba, safari hii ikitikisa kioo cha dirisha. Spika nayo haikuwa na hatia. Mwenye kosa alikuwa chumba.

Sebule yangu hapa Chamwino ni ndugu na sebule nyingi zilizoinuka tangu serikali ianze kuhamia Dodoma: tofali za saruji, sakafu ya saruji, bati juu, na ukubwa ule ule unaotajwa na kila fundi ujenzi, futi kumi kwa kumi. Futi kumi ni kama mita tatu. Sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde. Ikienda ukutani na kurudi imetembea mita sita, na ukigawa unapata mitetemo 57 kwa sekunde. Besi yoyote inayoangukia hapo inakutana na mwangwi wake njiani, wanashikana mikono, wanakuwa mtu mmoja mnene. Na kwa kuwa chumba ni mraba, upana unarudia kosa la urefu. Dari yetu nayo iko kama futi tisa, kwa hiyo inakuja kuongeza lake karibu na hapo hapo. Fundi simlaumu. Alijenga mahali pa kulia ugali.

Redio yangu ni ya kurithi kwa baba, na usoni ina vijiti kumi vya kutelezesha vilivyopangwa kama watoto mstarini kwa mitetemo yao: 31, 62, 125, 250, kila mmoja kama mara mbili ya aliyemtangulia, hadi 16,000. Mtaani wanaiita ikwalaiza. Mimi napenda kuiita kisawazishi, maana ndivyo ilivyo tangu kuzaliwa kwake. Ilianzia kwa mafundi wa simu. Waya mrefu ulikuwa unakula sauti nyembamba njiani, na anayesikiliza upande wa pili anampata mwenzake kama anasemea ndani ya blanketi. Wakatengeneza kifaa cha kurudisha kilicholiwa, ili kinachofika kiwe sawa na kilichotumwa. Kazi yake ilikuwa uaminifu. Mambo ya kunogesha muziki yalikuja baadaye.

Na huko kwenye kunogesha ndiko tulikoharibikiwa. Ingia nyumba yenye sabufa, na siku hizi ni nyumba chache zisizo nayo, kama ina vijiti tazama vimekaaje. Vya besi viko juu, vya trebo viko juu, vya katikati vimezamishwa. Ukiviangalia kwa mbali vimechora bonde. Ukiwasha, unapata kishindo na chakacha, na kwa dakika tano unaona raha. Lakini huko bondeni ndiko binadamu anakoishi. Simu za zamani zilipitisha sauti kuanzia mitetemo 300 hadi 3,400 tu, na bado ulimtambua shangazi yako kabla hajataja jina, ukajua na kama amelia. Anayezamisha vijiti vya katikati anamzamisha mwimbaji na kubakiza viatu na kofia yake.

Tena kuna gharama. Vijiti vingi vikifika juu kabisa vinaongeza desibeli 12, na desibeli 12 maana yake ni nguvu mara 16 katika eneo hilo la sauti. Amplifaya ndogo haina nguvu hiyo, kwa hiyo inakoroma, na koili ya spika inapokea moto. Fundi wangu wa Sabasaba, Dodoma mjini, ana ndoo ya plastiki chini ya meza iliyojaa koili zilizoungua, nyeusi kama vijiti vya ubani. Nilimuuliza kama ni umeme wa kukatikakatika. Akaokota moja, akainusa, akaitupa tena ndooni. "Kaka, umeme unasingiziwa. Hawa wameuawa na vidole."

Yeye ndiye aliyenipa siri ya kazi hii, na sikuiamini mpaka nilipoijaribu: kijiti ni cha kushushia. Unakipandisha kwa muda tu, ili kumtafuta mwizi. Unaweka muziki unaoujua kama njia ya kwenu, unapandisha kijiti kimoja taratibu, unasikia sauti inavyobadilika, unakirudisha kwenye mstari, unakwenda cha pili. Kuna mahali utafika uso ujikunje wenyewe. Hapo ndipo chumba kinapoongeza chumvi. Sasa shusha hicho, kidogo, chini ya mstari, kisha ongeza sauti nzima kwa kitufe cha kawaida. Kwangu mwizi alikuwa cha 62. Nilipokishusha desibeli tano, glasi zilikaa kimya, na jambo ambalo sikulitegemea likatokea: nikaanza kusikia noti nyingine za gitaa la besi, ambazo miaka yote zilikuwa zimefunikwa na ile moja. Besi ilipungua, nami nikawa nasikia besi nyingi zaidi. Hadi leo nikimweleza mtu sentensi hiyo ananitazama kama nimepigwa na jua.

Muziki peke yake hautoshi kupimia. Mimi hutumia taarifa ya habari. Muziki unaweza kukudanganya, kwani hujui studio waliukusudia uweje. Sauti ya mtu akizungumza hujawahi kuisikia ikiwa na besi ya ngoma. Mtangazaji akisikika kama amekaa ndani ya pipa, angalia kati ya 125 na 250. Akisikika kama anaongea kupitia pua, angalia jirani ya 1,000. Kila "s" yake ikikuchoma kama sindano, ni huko 8,000. Na kabla ya yote hayo, kama ni kaseti, pamba na spiriti kwanza. Vumbi letu la Agosti halina adabu, linaingia hadi kwenye hedi ya redio, na hakuna kijiti duniani kinachofuta vumbi.

Usiku mambo hubadilika tena, na hili si la chumba, ni la sikio. Watafiti wawili wa Marekani, Fletcher na Munson, walionyesha mwaka 1933 kwamba sauti ikiwa ndogo sikio letu hupoteza besi kwanza. Ndiyo maana watoto wakilala, nikapunguza sauti, muziki unakonda wote. Saa hizo nakipandisha cha 125 kidogo, na asubuhi nakirudisha. Mama watoto anasema naisalimia redio mara nyingi kuliko ninavyomsalimia yeye.

Sasa nije kwenye aibu yangu.

Nina kaseti ya mjomba wangu akipiga ilimba, ala ya vyuma ya sisi Wagogo, aliyorekodiwa kwenye sherehe kijijini. Nilipoiweka baada ya kujiona nimekuwa fundi, nikasikia kila noti inafuatwa na mvumo, zzz, kama nyuki aliyefungiwa kwenye kopo. Nikadhani karatasi ya spika imechanika. Nikashusha cha 4,000, nikashusha cha 8,000, cha 16,000 nikakilaza kabisa. Mvumo ukaisha. Ilimba ikatoka safi kama maji ya chupa, nami nikajipongeza.

Jioni moja mjomba akapita. "Mbukwenyi!" ya salamu mlangoni, fimbo ukutani, kiti karibu na spika. Nikamwekea. Akasikiliza upande mzima bila kusema, kisha akauliza, "Mjomba, huyu anayepiga ni nani?"

"Si wewe, mjomba? Ile sherehe ya mavuno."

Akatikisa kichwa. "Umemtoa buibui."

Anayeijua ilimba ameshaelewa. Kwenye sanduku lake la mti kuna matundu, na juu ya tundu hubandikwa utando mweupe ambao buibui hufungia mayai yake. Chuma kikipigwa, utando unatetemeka na kuongeza mvumo. Wapo wanaoongeza na vipete vya waya kwenye vyuma, na katika ilimba kubwa vipo vyuma ambavyo kidole hakivigusi kamwe. Kazi yao ni kuitikia vinapolia vya jirani. Mvumo kwa Mgogo si uchafu juu ya sauti. Ni nusu ya sauti. Marehemu Hukwe Zawose, mzaliwa wa Dodoma aliyefundisha Chuo cha Sanaa Bagamoyo hadi kuwa jina la dunia, aliubeba hadi Uingereza kwenye studio za Real World, na albamu ya Chibite ilipotoka mwaka 1996 mvumo ulikuwemo. Mafundi wa studio hizo walikuwa na vijiti vingi kuliko vyangu, na wakajua vya kutogusa.

Kuna sababu nyingine inayofanya muziki wa huku kuwa mtihani mgumu kwa kisawazishi. Kila sauti ina watoto ndani yake: ikiwa mama ana mitetemo 100, watoto wana 200, 300, 400 na kuendelea. Gerhard Kubik, mtaalamu wa muziki wa Austria, alionyesha kwamba Wagogo hujenga uimbaji wao juu ya watoto hao hao, tangu aliye mara nne ya mama hadi karibu na aliye mara tisa au kumi. Ndiyo maana kwaya ya kanisani ikiwa na kinanda, kuna sauti ya mtoto aliye mara saba ya mama, ambayo wazee wanaiimba chini kidogo ya inavyotaka kinanda, na mwalimu anadhani wamekosea. Sauti zinazopangwa hivi zinashikana kama matofali yasiyohitaji udongo. Chumba kikivimbisha tofali moja, ukuta mzima unainama. Muziki wa dansi utakusamehe kwa hilo, waimbaji wa Kigogo hawatakusamehe.

Basi tukaanza upya, mimi na mjomba. Nilipandisha cha 4,000 kwa upole, yeye amefumba macho. Alipoinua kidole nikaacha. Cha 8,000 hivyo hivyo, ingawa safari hii alinirudisha nyuma mara mbili. Cha 16,000 tukakiacha kimelala, kwa sababu huko hapakuwa na buibui, kulikuwa na mchakacho wa mkanda tu, kama mafuta yanayokaangwa nyumba ya tatu. Niliweka alama za kalamu kando ya kila kijiti. Watoto wakishaweka bongo fleva zao nakuta bonde limerudi, lakini alama zipo.

Yapo ambayo kifaa hiki hakiyawezi. Mvua ya Januari juu ya bati inazungumza yenyewe na unaizimia redio. Mlio wa kuta tupu vilevile kijiti hakiuondoi, kinaupunguzia ukali tu. Dawa yake ni zulia, pazia zito, godoro lililosimamishwa ukutani. Kwangu dawa ilikuja bila kuitafuta. Baada ya mavuno tulikosa mahali, tukapanga magunia ya mtama kwenye kona mbili za sebule, matatu matatu, moja juu ya jingine. Usiku ule mtangazaji alitoka kwenye pipa. Sikuwa nimegusa kitu. Nilipopeleka mkono kwenye kijiti cha 250, ambacho siku zote nakiweka chini, nikakuta naweza kukirudisha hadi kwenye mstari.

Magunia huliwa. Kufikia Desemba kona moja ilikuwa wazi, na pipa likaanza kurudi kidogo kidogo, nami nikawa nashusha kijiti kidogo kidogo. Leo ni Februari. Yamebaki magunia mawili, na cha 250 kiko desibeli nne chini ya mstari.