Kikasha cha Nyuzi za Fedha: Cha Ulaya au cha Guangzhou?

Katika orodha za wauzaji wa vitu vya kale, na hata katika baadhi ya makabati ya makumbusho, hukutwa vikasha vidogo vya nyuzi za fedha ambavyo kibandiko chake husema tu: "Ulaya, karne ya 18". Hoja yetu ni kwamba maneno hayo mara nyingi hutaja nyumba ambamo kikasha kilihifadhiwa, wala si mkono uliokifanya. Na kosa hilo linatuhusu sisi watu wa Pwani pia.

Tuanze na kazi yenyewe. Fundi huvuta waya wa fedha katika matundu ya chamburo, kutoka tundu kubwa hadi dogo, mpaka uwe mwembamba kama uzi. Husokota nyuzi mbili pamoja, akazibamiza zikawa bapa, na ukingo wake ukaonekana kama uliopangwa chembechembe. Kisha huzikunja kuwa vikonyo, majani na maua, akazijaza ndani ya fremu ya waya mnene zaidi na kuziunganisha kwa lihamu. Moto ukizidi kidogo, nyuzi nazo huyeyuka, na kazi ya siku nyingi hupotea. Ulaya ilikuwa na mabingwa wa ufundi huu, hasa Genoa na Ureno. Lakini haukuwa wao peke yao.

Guangzhou, ambao Wazungu waliuita Canton, ulijulikana na mabaharia wa Kiarabu na Kiajemi kwa jina la Khanfu karne nyingi kabla ya meli za Ulaya kufika. Mwaka 1757, Mfalme Qianlong aliamuru biashara ya bahari ya Wazungu ifanyike katika bandari hiyo tu. Amri ikadumu mpaka Mkataba wa Nanjing wa 1842. Wafanyabiashara wa kigeni walikaa katika nyumba za biashara ukingoni mwa Mto Lulu, nje ya kuta za mji, na karibu nao palikuwa na maduka ya feni, pembe za ndovu, vyombo vya laki na vya fedha. Mafundi wa Kichina walifanya kile mteja alichotaka: umbo la Kizungu, nyuzi za Kichina.

Ushahidi mkubwa uko Urusi. Jumba la Hermitage, mjini St Petersburg, lina vyombo vya kujipambia vya Malkia Catherine wa Pili, vya nyuzi za fedha, vilivyofanywa China katikati ya karne ya 18. Mwaka 2006, hazina hiyo ya nyuzi za fedha za Mashariki ilionyeshwa Amsterdam, na utafiti wa Maria Menshikova ukawaonyesha wengi kwamba vitu vya aina hii vilivyokaa katika majumba ya Ulaya vilitoka China na India.

Kwa nini kosa lilidumu? Sahani ya Kichina iliyopachikwa katika kaburi la nguzo kule Kunduchi au Mambrui haina shaka, kwa kuwa udongo wake na rangi yake vinaitaja China. Fedha haina udongo wa kwao. Ile iliyofuliwa Guangzhou ilifika kwa wingi kama sarafu za Kihispania kutoka machimbo ya Amerika, ikayeyushwa. Tena, kazi nyembamba namna hii mara nyingi haikupigwa muhuri wa fundi.

Hata hivyo, hatuungi mkono desturi mpya ya kukipa Guangzhou kila kikasha kisicho na muhuri. Goa na Karimnagar nchini India, na Padang huko Sumatra, nako kulifanywa kazi hiyo, na mafundi wa Kichina waliishi Manila pia. Anayehukumu atazame unene wa waya, namna ya kujaza fremu, bawaba na lihamu, kabla ya kutazama mtindo wa maua.

Sasa tujitazame sisi. Kijaluba cha tambuu au mrashi wa fedha wa Unguja au Lamu huandikwa "wa Kiarabu", yakaisha. Lakini fedha yake yaweza kuwa ya riale za Maria Theresa, sarafu za Austria zenye mwaka 1780, zilizoyeyushwa. Fundi wake sonara, jina lililotoka India. Na mwenyewe bibi wa Kiswahili. Neno moja haliwezi kubeba yote hayo.

Tunapendekeza kila kibandiko kijibu maswali matatu: kitu kilifanywa wapi, kilifanywa kwa ajili ya nani, na kilikaa kwa nani. Majibu ya mengi ya maswali hayo bado yamo vinywani mwa wazee, wanaokumbuka sonara fulani na duka lake. Fedha ya zamani ikishauzwa kwa mizani na kuyeyushwa, hakuna mtafiti atakayeweza kuirudisha.