Solo ya pili ikae wapi?

Anayejifunza gitaa Musoma au Bunda huanza na kodi tatu (si zile za TRA): C, F na G, zikishikwa karibu na kichwa cha gitaa. Akiwa peke yake zinatosha. Kwenye bendi mambo hubadilika. Bendi za dansi za miaka ya 1970, na Musoma ilikuwa na yake, Mara Jazz, kwa kawaida ziligawana kazi: solo, solo ya pili, ridhimu na besi. Ridhimu ikishakalia sauti za chini, solo ya pili ikizirudia palepale magitaa yanavurugana tu.

Dawa ni kuitafuta C ileile mahali pengine. Mpiga litungu wa Kikurya hana nafasi hiyo: nyuzi zake nane hazina freti, na mpangilio wa sauti umeshaamuliwa wakati wa kukaza. Gitaa linakuachia uchague.

C ni sauti tatu: C, E na G. Chukua nyuzi tatu nyembamba, ukihesabu kutoka wa tatu kwenda wa kwanza. Freti 5-5-3 zinatoa C-E-G. Panda 9-8-8: E-G-C. Panda 12-13-12: G-C-E.

Kupanda na kushuka shingo hivyo ni mbwembwe. Utamu uko kwenye kuhama kodi. Ukitoka C ya 5-5-3, shika F kwa 5-6-5: C haikusogea, E imepanda nusu hatua, G hatua nzima. Rudi C, kisha shika G kwa 4-3-3: safari hii G ndiyo inabaki, C inashuka hadi B na E hadi D. Mkono haujatoka kati ya freti ya 3 na ya 6. Mwalimu yeyote wa kwaya analijua hili. Alto na tena wake hawarukiruki kila kodi inapobadilika.

Ila solo ya pili haigeuzi kodi peke yake. Ikishika G-C-E huku besi ikipiga C, sikio linasikia C ya kawaida, imepangwa tofauti tu. Mwenye kugeuza ni besi. Akipiga E chini ya kodi ya C, halafu F chini ya F, wimbo unaanza kuvutwa kwenda F hata kabla kodi haijabadilika. Kwa hiyo mazoezini ningewakalisha hao wawili kwanza, mpiga solo aje baadaye.