Sinema «Primeval»: Nani Alimlisha Mamba?

Sinema za kutisha zinadharauliwa mara nyingi, na «Primeval» imedharauliwa kupita nyingine. Michael Katleman aliitengeneza, ikatoka mwaka 2007, na wachambuzi wengi wa Marekani wakaicheka. Hata wale walioitangaza waliionea haya: walitangaza habari za mwuaji wa watu wengi, wakaficha kwamba mwuaji yule ni mamba. Sisi wa Kalemie tusiicheke upesi, kwani mamba yule ni wa ziwa letu.

Gustave si jina la kubuni. Ni mamba wa mto Rusizi, upande wa Burundi, ambaye waliomwona walisema urefu wake unapita metre 6. Mfaransa Patrice Faye alijaribu kumkamata kwa kizimba kikubwa cha chuma, lakini nyama yule alikataa kuingia.

Katleman alitwaa habari hiyo, akaichanganya na elimu ya kubuni. Wageni wanafika na kizimba na vyombo vya umeme vya kufuata njia za mamba. Naye mamba, aliyechorwa kwa ordinatere, anawakimbiza watu hata katika inchi kavu. Mamba wa kweli hafanyi hivyo.

Makosa mengine yako, tena mazito. Sinema ilipigwa Afrika ya Kusini, na uso wa ziwa letu hauonekani. Wanakijiji wanapewa maneno machache. Wengi wanatokea ili waliwe tu.

Lakini tutazame mwanzo wake. Mama mmoja mgeni, mwenye elimu ya kupima maiti, anachunguza kaburi la watu waliouawa pamoja, na mamba anamkamata palepale. Ndipo waandishi wa habari wanatumwa kutoka Marekani. Wenyeji waliliwa siku nyingi, wala hakuna aliyetumwa. Sinema inaonyesha aibu hiyo bila kuificha.

Na baadaye mwindaji mzee anafunua siri: wakati wa vita maiti zilitupwa mtoni, na mamba akazoea nyama ya watu. Mkubwa wa wauaji naye anaitwa Gustave Mdogo. Basi ni nani mnyama wa kutisha? Mamba anafuata tumbo lake; mtu ndiye aliyemwandalia meza. Hapa sinema hii inapita nyingi zenye sifa kubwa, kwani hofu yake haitoki katika meno, inatoka katika dhambi yetu.

Vita vile vya Burundi, vilivyoanza mwaka 1993, si hadithi ya mbali. Maji ya Rusizi yanaingia katika Tanganyika, na maji ya Tanganyika yanatoka kwa Lukuga, hapa mlangoni petu. Ziwa ni moja. Atakayeona sinema hii asiulize tu ginsi ya kumwua mamba. Aulize nani alimlisha.