Zillow walipandisha dau wakati wa kushusha

Kila anayejadili anguko la Zillow Offers, biashara ya kununua na kuuza nyumba ya kampuni ya Zillow ya Marekani, huanza na kompyuta. Kompyuta ilikosea, kompyuta haikuona mbele. Mimi namtaka aliyekaa nyuma ya kompyuta, kiangazi cha 2021, akaamuru ofa zipandishwe. Uamuzi ule ulikuwa mbovu siku ileile ulipotolewa, hasara ikiwa bado haijaonekana.

Mnakumbuka hali ilivyokuwa. Riba ya mkopo wa nyumba wa miaka 30 Marekani ilishuka hadi asilimia 2.65 Januari 2021, nyumba za kuuzwa zikawa haba, bei zikapaa kwa takriban asilimia 20 ndani ya mwaka. Zillow, walioanza kununua nyumba mwaka 2018 kule Phoenix na Las Vegas, wakajikuta wanauza kwa faida nono kuliko walivyopanga, maana soko lilikimbia kuliko makisio yao. Mtu mwenye akili hapo hukaa kimya akahesabu hela zake. Wao faida ile waliiona kama lawama: kumbe tunatoa ofa ndogo mno, wauzaji wanatukimbia, wanaenda kwa washindani wetu Opendoor. Wakapandisha. Magazeti ya Marekani yaliripoti baadaye kwamba mpango huo ulipewa jina la Ketchup, na kwamba wathamini waliozoea kurekebisha bei za kompyuta walifungwa mikono. Katika robo ya tatu ya mwaka huo walinunua nyumba 9,680 na kuuza 3,032.

Twende polepole, maana kosa lenyewe liko hapa. Chukua nyumba ambayo Zestimate, yaani kisio la bei la kompyuta ya Zillow, inasema ni ya dola 400,000. Kwa nyumba ambazo hazijaingia sokoni, kampuni yenyewe ilikuwa ikitangaza kosa la kati la karibu asilimia 7, yaani nusu ya makisio hukosea kwa zaidi ya hapo. Asilimia 7 ni dola 28,000. Kama nyumba thamani yake kweli ni 428,000, mwenyewe anajua, anacheka, anakataa. Kama ni 372,000, kwa kuwa paa linavuja juu ya chumba cha watoto na jirani anatengeneza pikipiki hadi usiku wa manane, anasaini hujamaliza sentensi. Ndiyo, mkaguzi hupita baadaye na kukata gharama za matengenezo. Paa atalikata. Jirani atamkataje?

Kwa hiyo nyumba zinazokuja mkononi kwako ni zile hasa ulizozikisia juu. Ulizozikisia chini zinabaki kwa wenyewe. Sasa mtu anachukua hali hiyo na kuongeza bei kwenye ofa zote kwa mpigo, tena katika biashara iliyolenga faida au hasara isiyozidi asilimia 2 hivi kwa kila nyumba! Kosa la kisio ni zaidi ya mara tatu ya nafasi uliyojiachia, na bado unaipunguza nafasi hiyo kwa makusudi ili upate idadi.

Wasomaji wa safu hii wamechoka kunisikia nikiwataja mainjinia watatu wa kampuni ya mafuta ya ARCO, lakini leo hawakwepeki. Capen, Clapp na Campbell walieleza mwaka 1971 kwa nini kampuni zilizoshinda minada ya vitalu vya mafuta katika Ghuba ya Mexico zilikuwa zikiambulia faida kiduchu: anayeshinda ni aliyekisia juu kupita wenzake. Dawa yao ilikuwa kavu. Kama huna uhakika na kisio lako, shusha dau. Kama mwenzako anajua zaidi yako, shusha. Wapinzani wakiongezeka, shusha tena. Watu wale walikisia mafuta yaliyo chini ya bahari, wasiyoweza kuyaona, na wakajua mipaka yao. Zillow walikuwa na takwimu za nyumba zaidi ya milioni 100 na masharti yote matatu mezani, wakaenda kinyume.

Dalali yeyote wa Dar es Salaam ana kibwagizo chake: "Wahi bosi, kuna mtu anakuja kesho na hela mkononi." Zillow hawakuhitaji dalali, walijiimbia wenyewe.

Si kila kitu kilikuwa kibovu. Huduma kwa muuzaji ilikuwa safi: hela taslimu, tarehe ya kuhama achague mwenyewe. Kufunga duka mapema nako kulikuwa sahihi. Wala msiniambie Opendoor walikuwa werevu zaidi. Robo ya tatu ya 2022 walipata hasara ya dola milioni 928.

Kinachonikera hadi leo ni tangazo la Oktoba 2021. Walisema wanasitisha manunuzi kwa sababu kazi imewaelemea, nyumba za kukarabati zimerundikana. Wiki mbili baadaye, Novemba 2, mkurugenzi mkuu Rich Barton akatangaza kufunga biashara nzima, kufuta dola milioni 304 kwenye thamani ya nyumba walizonunua, na kupunguza robo ya wafanyakazi. Sababu sasa ikawa kwamba bei za nyumba hazitabiriki kwa kiwango walichodhani. Asilimia ile ya kosa ilikuwa kwenye tovuti yao muda wote.