Sekunde Tatu za Hasheem Thabeet

Tarehe 25 Juni 2009, mjini New York, Memphis Grizzlies walimchukua Hasheem Thabeet, mtoto wa Dar es Salaam, akawa wa pili katika drafti ya NBA. Aliyemtangulia ni Blake Griffin peke yake. James Harden aliitwa wa tatu, Stephen Curry wa saba. Mwenye orodha hiyo mkononi hahitaji ufundi wowote ili kuwacheka Memphis, na vijiwe vya kikapu vimewacheka kwa miaka mingi, kutoka Upanga hadi Songea: jamaa alikuwa mrefu tu, mpira haujui.

Maelezo hayo yana tundu kubwa. Mrefu huyo huyo, mwenye futi 7 na inchi 3, ndiye aliyetajwa na chama cha makocha wa vyuo vya Marekani kuwa mlinzi bora wa mwaka, mara mbili mfululizo, 2008 na 2009. Na zaidi ya miaka kumi baadaye, NBA ilipokwisha kumsahau, klabu za Taiwan zilimpa mpira na kumtegemea. Mwili ulikuwa ule ule. Kilichobadilika ni wapi sheria ilimruhusu kusimama, na kwa muda gani.

Tuanzie Chuo Kikuu cha Connecticut. Hasheem alianza kikapu akiwa na umri wa miaka kama 15, akapita Makongo jijini Dar es Salaam, kisha shule za Marekani, ya mwisho ikiwa Houston, na mwaka 2006 akatua kwa kocha Jim Calhoun. Calhoun hakuwa mgeni wa watu wa aina hiyo. Kabla yake alikuwa na Emeka Okafor, aliyeondoka chuoni na rekodi ya bloku 441. Hasheem, kwa miaka mitatu, alifikisha 417.

Ufundi wenyewe ulikuwa hivi. Wachezaji wanne wa Connecticut walitoka nje kumbana mwenye mpira kifua kwa kifua, bila hofu ya kupitwa. Aliyepitwa hakuhangaika kujirusha nyuma. Alimwelekeza mshambuliaji katikati, kwa Hasheem. Hasheem naye hakuruka mapema. Alirudi nusu hatua, akanyoosha mkono, akamwacha mwenzake aende hewani kwanza. Mara nyingi hata bloku haikuhitajika: mshambuliaji alifika, akautazama ule mkono, akaurudisha mpira nje. Takwimu haziandiki mtupo ambao haukutupwa, lakini makocha waliuona. Msimu wake wa mwisho, 2008/09, alikuwa na wastani wa pointi 13.6, ribaundi 10.8 na bloku 4.2 kwa mechi.

Kanuni za vyuo zilimbeba. Hakukuwa na sheria ya kumtoa mlinzi chini ya kikapu. Angeweza kukaa humo shambulio zima. Timu ilikuwa na sekunde 35 za kushambulia, kwa hiyo mchezo ulikwenda taratibu kiasi cha mtu mzito kuwahi kurudi. Na mstari wa pointi tatu msimu ule ulikuwa mita 6.32 tu kutoka kikapuni. Washambuliaji walijazana katika eneo dogo ambalo yeye alilifunika kwa hatua mbili.

Dalili za hatari zilionekana mapema, kwa aliyetaka kuziona. Tarehe 16 Februari 2009, siku Hasheem alipotimiza miaka 22, Pittsburgh walikuja na DeJuan Blair, mtu wa mita 2.01 hivi lakini mpana na mzito chini. Blair hakujaribu kushindana naye angani. Aliingiza nyonga yake chini ya nyonga za Hasheem, akamsogeza, akamaliza na pointi 22 na ribaundi 23. Katika tukio moja la kugombea mpira alimbinua Hasheem juu ya bega lake mpaka sakafuni. Pittsburgh walishinda 76-68. Aprili mwaka huo huo, katika nusu fainali ya taifa huko Detroit, mbele ya watu zaidi ya 72,000, Michigan State waliitoa Connecticut 82-73 kwa dawa nyingine: mbio. Walishambulia kabla mlinda lango hajafika langoni.

Huko Mbinga, mkoani Ruvuma, kahawa haipewi daraja kwa ukubwa wa punje pekee. Inachomwa, inasagwa, inaonjwa kikombeni. Memphis walipima punje.

NBA ina sheria ya sekunde tatu za mlinzi tangu msimu wa 2001/02. Mlinzi ambaye hamkabi mtu aliye umbali wa kufikiwa kwa mkono haruhusiwi kukaa zaidi ya sekunde tatu ndani ya mstatili ulio mbele ya kikapu. Akizidisha, wapinzani wanapewa mtupo mmoja wa adhabu na mpira unabaki kwao. Mstatili huo una upana wa mita 4.88, wakati ule wa chuo ulikuwa mita 3.66. Mstari wa pointi tatu, ukiutazama kutoka mbele ya kikapu, uko mita 7.24. Muda wa kushambulia ni sekunde 24.

Sasa fikiria shambulio moja tu. Senta wa wapinzani anapanda juu kumwekea skrini yule anayemkaba mwenye mpira. Hasheem analazimika kupanda naye. Mwenye mpira anapinda kwenye skrini, na ghafla Hasheem ana watu wawili: huyu anayemjia mbio, na yule anayetaka kumpita mgongoni kwenda kikapuni. Inabidi arudi kinyumenyume, magoti yamekunjwa, mikono juu, bila kumpa hata mmoja wao nafasi ya wazi. Hiyo ni kazi ya nyonga na vifundo vya miguu. Urefu unasaidia mwishoni tu, na ukifika umechelewa nusu sekunde mkono huo huo mrefu unaleta faulo.

Msimu wa kwanza alicheza mechi 68, wastani wa dakika 13 na pointi 3.1. Februari 2010 Memphis walimpeleka Dakota Wizards, ligi ya maendeleo, na hapo akawa mchezaji aliyechaguliwa nafasi ya juu kuliko wote waliowahi kushushwa huko. Nafasi yake Memphis ilikuwa imeshikwa na Marc Gasol, Mhispania asiyeruka hata kidogo, ambaye mwaka 2013 alitajwa mlinzi bora wa NBA nzima kwa sababu miguu yake ilifika mahali kabla ya mpira. Kijana anayetaka kuelewa tofauti hiyo aangalie video za Gasol, aikodolee macho miguu, aache mikono.

Kilichofuata kinaelezeka kwa haraka. Februari 2011 alipelekwa Houston katika biashara iliyomrudisha Shane Battier Memphis. Machi 2012 akaenda Portland, Marcus Camby akaja upande wa pili. Misimu miwili, 2012 hadi 2014, alikuwa akiba ya Kendrick Perkins huko Oklahoma City, na kwa maoni ya mwandishi, huu ndio ulikuwa mpangilio uliomfaa zaidi: dakika chache, kazi moja, mwalimu mmoja. Jumla yake NBA ni mechi 224, wastani wa pointi 2.2. Kisha Grand Rapids, ligi ya maendeleo tena.

Je, sheria ndiyo ya kulaumiwa? Si yote. Rudy Gobert wa Ufaransa ni senta wa mita 2.16 aliyekuta sheria ile ile, naye amekuwa mlinzi bora wa NBA mara nne. Alichaguliwa wa 27 mwaka 2013 na msimu wake wa kwanza naye alishushwa ligi ya maendeleo, bila kelele wala kejeli, kwa kuwa hakuna aliyemtarajia kuokoa klabu. Gobert anajua kuzihesabu zile sekunde tatu: anaingia, anagusa nje ya mstari kwa mguu mmoja, anaingia tena. Alilelewa katika vituo vya vijana vya Ufaransa, ambako mtoto mrefu hufundishwa kutembea uwanjani kabla ya kufundishwa kuruka. Hasheem aliruka madarasa hayo yote. Nafasi ya pili katika drafti ikamnyima muda wa kuyarudia.

Hapa ndipo habari inapogusa Umatengo, yaani nyanda za Mbinga, na mwambao wa Ziwa Nyasa. Mashindano ya shule za sekondari, UMISSETA, yana mpira wa kikapu, na kikapu cha shule zetu kinafuata sheria za FIBA, ambazo hazina sekunde tatu za mlinzi. Kwa hiyo mwalimu wa Kigonsera au wa Mbamba Bay akipata kijana anayeinama mlangoni, kishawishi ni kimoja: msimamishe chini ya kikapu, ainue mikono, tushinde wilaya. Watashinda kweli. Watapanda Songea, karibu kilomita 100 kutoka Mbinga mjini, na pengine kijana ataingia timu ya mkoa na kwenda fainali za taifa, ambazo miaka ya karibuni zimefanyika miji kama Mtwara na Tabora. Kila hatua atapigiwa makofi kwa bloku, na hakuna atakayeuliza anakwenda vipi kushoto.

Dawa haihitaji ukumbi wala sakafu ya mbao. Mstatili wa chokaa au majivu kwenye uwanja wa udongo unatosha. Mwalimu anahesabu kwa sauti, moja, mbili, toka. Kijana anatoka, anagusa, anarudi, mgongo umeshuka. Kisha anawekewa mwenzake mfupi na mzito, Blair wa hapo kijijini, amsukume kwa nyonga. Inachosha, na Juni kule juu ni baridi na msimu wa kuchuma kahawa unawadai vijana hao hao mashambani. Lakini mazoezi hayo ni ya dakika 15.

Sheria za FIBA ndizo zilizompokea Hasheem alipovuka kwenda Asia. Mwaka 2017 alijiunga na Yokohama B-Corsairs ya Japani. Baada ya kurudi kidogo Marekani na Fort Wayne Mad Ants msimu wa 2019/20, alikwenda Hsinchu JKO Lioneers ya Taiwan, kisha Tainan TSG GhostHawks. Huko aliruhusiwa tena kukaa mstatilini.  Na kuna kifungu ambacho watazamaji wengi hawakijui: chini ya FIBA, mpira ukishagusa ringi mchezaji yeyote anaweza kuupangusa hata kama bado uko juu ya kikapu. NBA hairuhusu. Kwa mtu anayeifikia ringi bila kuruka sana, kifungu hicho kina thamani ya pointi kadhaa kila mechi. Akiwa na miaka 33 na 34 alikuwa miongoni mwa wazuiaji wakubwa wa ligi yake ya Taiwan.

Wamarekani wanaotafuta riziki ng'ambo wanaijua hesabu hiyo vizuri. Klabu inapoajiri mgeni inanunua kile ambacho wenyeji hawana, na mara nyingi ni urefu. Dwight Howard, aliyekuwa mlinzi bora wa NBA mara tatu, alitua Taoyuan Leopards ya Taiwan Novemba 2022 na katika mechi ya kwanza akaweka pointi 38, ribaundi 25, pasi 9 za kufunga na bloku 4. Alitupa hata pointi tatu, jambo ambalo makocha wake wa Marekani wangemfokea. Ukanda wetu nao umeingia kwenye soko hilo tangu ligi ya Afrika, BAL, ilipoanza Kigali mwaka 2021 na mwanamuziki J. Cole kuvaa jezi ya Patriots kwa mechi tatu. City Oilers ya Uganda ilifika 2023, Nairobi City Thunder 2025. Zote zinacheza kwa kitabu cha FIBA.

Memphis, kwa upande wao, walirudia jaribio. Mwaka 2024 walimchagua Zach Edey wa Kanada, mita 2.24, naye alianza kikapu akiwa kijana mkubwa baada ya kucheza hoki na besiboli. Safari hii walisubiri hadi nafasi ya 9. Edey alikuwa amekaa Purdue miaka minne, na vyuo vilikuwa vimeusogeza mstari wa pointi tatu hadi mita 6.75 tangu 2019, kwa hiyo alizoea kutolewa nje ya mstatili kabla ya kulipwa kwa kazi hiyo. Klabu haikumtwisha ulinzi peke yake. Pembeni yake walimweka Jaren Jackson Jr., mlinzi bora wa 2023, ndiye aliyekimbizana na watupaji wa mbali. Msimu ulipoisha, Edey alikuwa katika kikosi bora cha wachezaji wapya.