Kifaru Asiye na Pori: "The Substitute" Ikitazamwa Kutoka Garsen

Kazi ya Alexandra Daisy Ginsberg iitwayo "The Substitute" (2019) ni picha ya video inayoonyesha kifaru mweupe wa kaskazini mwenye kimo halisi. Mwanzoni ni rundo la vipande vya mraba tu. Kadiri anavyozunguka ndani ya chumba kitupu cheupe, ndivyo umbo na sauti yake vinavyokamilika. Mwishowe hutoweka. Msanii anauliza ni kwa nini binadamu hujishughulisha kuumba viumbe vipya huku akivipuuza vilivyopo. Kwa upande wa fani, kazi hii imefaulu sana.

Upungufu umo katika maudhui, na hasa katika chumba chenyewe, kisicho na nyasi, mto wala mtu. Mwaka 1910 Theodore Roosevelt, rais mstaafu wa Marekani, na mwanawe Kermit waliwaua vifaru 9 wa aina hii huko Lado, kando ya Mto Naili, kwa niaba ya jumba la makumbusho. Ujangili wa miaka ya baadaye ukaendeleza mauaji hayo. Sudan, dume wa mwisho, alikamatwa mwaka 1975, akafugwa Ulaya, akafia Ol Pejeta, Kenya, Machi 2018. Hakuna hata moja kati ya hayo linaloingia chumbani. Neno "badala", ambalo ndilo tafsiri ya karibu ya jina la kazi hii, hudai kukamilishwa: badala ya nani, na kwa kosa la nani? Swali la pili limeachwa.

Kwa mtazamaji wa Garsen pengo hilo si dogo. Mashariki ya Mto Tana angali anaishi hirola, ambaye idadi yake inakadiriwa kuwa chini ya 500. Mwaka 1888 mwindaji Mwingereza, H.C.V. Hunter, alimpata kando ya mto huo. Mwaka uliofuata Sclater akamwingiza katika vitabu vya sayansi kwa jina la Hunter, jina ambalo, kwa kejeli ya lugha, maana yake ni "mwindaji". Waorma walikwisha kuwa na jina lao, hirola. Kweli, waliompunguza zaidi mnyama huyu ni magonjwa, ukame na uhaba wa malisho, wala si bunduki ya Hunter. Hata hivyo, mwaka 1996 baadhi ya wakazi wa Garissa walikwenda Mahakama Kuu kuzuia hirola wasihamishiwe Tsavo Mashariki. Walidai kwamba mnyama yule ana kwao.